Pazia la Mablanketi

Kastuli, sasa kamba ya pazia ni yako, na umeniomba niandike yale niliyokuwa nakuambia kwa mdomo, kwa sababu unasema ukiniuliza jambo nakujibu nusu na nusu nyingine naondoka nayo. Haya, naandika. Mimi shule niliishia darasa la tatu, nalo sikulimaliza, kwa hiyo usitafute nukta. Maneno yapo. Habari za vyeo hazimo humu. Nilianza nikiitwa fundi na nimestaafu nikiitwa fundi, na hapo katikati hakuna aliyenipunguzia wala kuniongezea.

Kabla ya kushika pazia nilishika magunia. Nilikuwa Makambako, sokoni, nashona lumbesa za viazi. Wewe umeziona zikipita barabarani, hujawahi kuzishona. Gunia linajaa, kisha juu ya mdomo wake wanajenga mlima wa viazi, na anayeushikilia mlima huo usimwagike mpaka Dar es Salaam ni mshonaji na kamba yake. Aliyenifundisha alikuwa Mzee Sanga, Mkinga wa maneno machache, na hayo machache karibu yote yalikuwa matusi.

"Wewe Mbena," alikuwa ananiambia, "hiyo sindano si mwiko wa ugali. Choma, usikoroge!"

Alinifundisha mishono miwili. Wa kwanza ni wa kufunga kabisa, huo hata wewe unaujua. Wa pili ni mshono wa vitanzi. Kila kitanzi kinashikwa na kitanzi kinachokifuata, na cha mwisho unakibana kwa fundo dogo. Mwenye mali akifika sokoni kwake anafungua fundo, anavuta ncha ya mwisho, na mdomo mzima wa gunia unafunguka kwa mvuto mmoja. Akivuta ncha ya mwanzo, kamba inajikaza na itabidi kisu. Mzee Sanga akikuona na kisu karibu na mshono wake, ilikuwa heri utafute lori la kukurudisha kwenu.

Shuleni hapa nilikuja juu ya lori la mahindi. Misheni walinunua mzigo Makambako, na mimi nikatumwa kuusindikiza kwa sababu magunia yalikuwa ya zamani. Gunia moja likapasuka mlangoni mwa ghala. Nikapiga goti nikalishona pale pale, na nilipoinua kichwa nikamwona Sista amesimama ananitazama mikono. Huyo ndiye Sista Benedikta, aliyekuwa anafundisha Kiswahili na maigizo.

"Kijana, unaweza kushona kitu kikubwa kuliko gunia?"

"Sista, kikubwa kuliko gunia ni nini?"

"Pazia."

Mimi pazia nililolijua lilikuwa la dirisha, tena dirisha la mtu mwingine. Nikasema naweza. Nawashauri vijana wote mjibu hivyo, kisha ndiyo mwende pembeni mkaogope.

Jukwaa lilikuwa tayari, lile lile la leo, mbao za paina juu ya mawe, mwisho wa bwalo. Lakini halikuwa na pazia. Meza ikitaka kuhamishwa katikati ya mchezo, Sista alikuwa anawaambia watazamaji wafumbe macho. Wabena ni watu watiifu, lakini si kwa kiasi hicho. Siku moja mfalme aliyekwisha kufa alionekana na watu wote akinyanyua kiti chake mwenyewe na kutoka nacho, na wazazi wakampigia makofi kwa kufufuka. Sista akasema basi, lazima kuwe na pazia.

Kitambaa hakikuwepo. Sista akaingia bwenini, akatoka amekumbatia mablanketi mpaka uso wake hauonekani.

"Haya ni ya kidato cha kwanza," akasema. "Kila mmoja amekuja na blanketi, na hakuna mwenye sauti ya kukataa. Ila nisikilize. Usikate hata moja. Usitoboe ovyo. Mchezo ukiisha, kila mtoto alale na lake."

Hapo ndipo mshono wa Mzee Sanga ulipopata kazi ya heshima. Nikayaunga mablanketi ubavu kwa ubavu kwa vitanzi, nikatengeneza mapande mawili, nikayatundika kwenye waya kwa vikulabu vilivyoshika kamba ile ile ya vitanzi, nikafunga kamba kwenye kapi la kisima kilichokufa. Mablanketi yenyewe unayajua, ni yale ya madukani Makambako, mengi yana picha. Mchezo wa kwanza ulikuwa Yusufu na ndugu zake, na Farao wa Misri alitokea katikati ya chui wawili na ua la waridi. Hakuna aliyelalamika. Wengi walidhani Misri ndivyo ilivyo.

Sasa sikiliza kilichotokea, kwa maana ndicho kilichotengeneza maigizo ya shule hii, si vitabu. Ulikuwa mwezi wa saba. Bwalo halina dari, madirisha yamebaki fremu, ukungu unaingia kama mwanafunzi aliyechelewa. Wale wenye mablanketi Sista aliwapa viti vya mbele, kama shukrani. Kwa hiyo walioketi mbele ndio pekee waliokuwa hawana cha kujifunika. Na jukwaani Yusufu amekwisha kujitambulisha kwa ndugu zake, anawalilia, wanamlilia, anamkumbatia mmoja mmoja, na Yusufu ana ndugu wengi. Akasimama binti mmoja wa mstari wa mbele, meno yanagongana.

"Jamani, fupisheni! Tunakufa!"

Vichwa vyote vikamgeukia. Mimi nilijua binti amekwisha. Lakini Sista akatoa kichwa pembeni ya jukwaa akasema, "Yusufu, wasamehe."

"Sista, bado ukurasa mmoja."

"Wasamehe sasa hivi."

Akawasamehe. Nikafunga pazia. Nikafungua fundo, nikavuta ncha ya mwisho, na chui, waridi na vyote vikamwagika chini, kila mtoto akadaka lake na kukimbilia bwenini. Makofi yalipigwa na watu waliokuwa wanakimbia. Sista alisema hajawahi kuona mchezo ulioisha vizuri namna ile.

Basi ikawa desturi. Mstari wa mbele ndio wenye pazia, na wenye pazia ndio wenye haki ya kusema "fupisheni". Wakisema, unafupisha. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini waigizaji wote waliijua kama wanavyojua kengele ya ugali. Wakajifunza kusema jambo na kuondoka. Mtu wa shule yetu akipewa nafasi ya kufa jukwaani, alikufa. Shule nyingine mtu anachomwa mkuki halafu anahutubia. Mmoja wa waliopita hapa ni mchungaji upande wa Tandala, na kanisa lake linajaa kwa sababu mahubiri yake ni mafupi. Waumini wanasema ni Roho. Sibishani na waumini.

Niliyojifunza miaka hiyo nakuwekea hapa kabla sijasahau. Kapi lipake sabuni ya kipande, usipake mafuta, mafuta yanaita panya. Mtoto mgonjwa blanketi lake halipandi, hata akilia kwamba anataka lipande. Na watalia, kwa sababu kupata nafasi ya katikati, pale pande mbili zinapokutana, ikawa fahari. Wazazi walianza kuwanunulia watoto blanketi zuri kwa ajili ya jukwaa. Mmoja aliletewa lenye treni. Tuliliweka katikati, na kila pazia lilipofunguka treni iliondoka zake kuelekea kushoto na watu wakaishangilia kuliko mchezo.

Sista Benedikta alipozeeka alirudishwa nyumba ya masista kupumzika. Walimu wa maigizo wakaja na kuondoka. Mimi nilibaki na sindano. Kisha akaja Mkuu wa shule huyu uliyemkuta, na baada yake Mwalimu Issa, kijana wa Lindi, katoka chuo kikuu moja kwa moja na shati la mikono mifupi. Alifika mwezi wa sita. Nilimwonea huruma, lakini si sana, kwa sababu aliniuliza kwenye jukwaa letu "mwanga unatoka upande gani", nikamjibu mashariki.

Mwaka ule ule mfanyabiashara mmoja wa Makambako, aliyesoma shule hii, alituletea pazia. Mahameli nyekundu, nzito, ina pindo la dhahabu. Nilipoifunua kwenye lori nilivua kofia. Sitasema uongo, nilifurahi. Nililitundika mwenyewe, likafunga bila mlio, na jioni hiyo watoto wa kidato cha kwanza wakakaa mbele wamejifunika mablanketi yao mpaka masikioni, kwa mara ya kwanza katika historia.

Mwalimu Issa alikuwa ameandika mchezo wa mtemi anayekataa kumtaja mrithi. Ulikuwa na sehemu tatu. Mgeni rasmi alikuja kutoka mjini, naye kwa heshima akapewa blanketi jipya la magotini. Sehemu ya kwanza watu walitazama. Sehemu ya pili mstari wa mbele ulianza kuegemeana kama vifaranga. Mgeni rasmi akalipandisha blanketi kutoka magotini hadi kifuani, kutoka kifuani hadi kidevuni, na hapo tukampoteza. Sehemu ya tatu bwalo zima lilikuwa linakoroma, na yule kijana aliyekuwa mtemi, ana adabu zake kutoka nyumbani, akapunguza sauti asiwaamshe.

Hakuna aliyesema "fupisheni". Aliyelala hana haja ya kufupishiwa.

Kesho yake Mkuu alituita, mimi na Mwalimu Issa. Alikuwa na jambo lake tangu zamani. Wazazi huleta mahindi ya chakula siku ya wazazi, na ghala letu linavuja.

"Nimetazama lile jukwaa," akasema. "Limeinuka. Sakafu ya mbao. Unyevu haufiki, panya hawapandi kirahisi. Ni ghala zuri kabisa."

"Mkuu, ni jukwaa," Mwalimu Issa akasema.

"Mwalimu, jana nimeona bwalo zima limelala. Kama ni kulala, mabweni yapo."

Mimi nilikuwa namtazama Mkuu nikiona maisha yangu yanageuka nyuma. Nilitoka kwenye magunia nikapata pazia, sasa magunia yamenifuata mpaka jukwaani, na bila shaka atakayeitwa kuyashona ni mimi.

"Siku ya wazazi mtacheza," Mkuu akasema. "Mahindi yatakuwa uani yanasubiri. Wazazi wakitazama, jukwaa ni lenu. Wakilala, mahindi yanapanda. Mnisamehe, lakini watoto wanakula ugali, hawali maigizo."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi.

Mwalimu Issa akanifuata karakana. Alikaa juu ya benchi la randa, amejikunja, mikono kwapani.

"Mzee Mwalongo, niambie ukweli. Mchezo wangu ni mbaya?"

"Mwanzo ulikuwa mzuri. Katikati sikupaona vizuri. Mwisho nimeusikia kwa watu."

"Na wewe ulilala?"

"Nilikuwa nimeegemea mahameli, Mwalimu. Ina joto."

Nikamweleza maoni yangu, kwamba kosa ni rangi. Nyekundu inachosha macho, tupake majivu. Nilikuwa na hakika kabisa. Yeye hakunisikiliza, alikuwa anatetemeka na kulaumu huku kwetu.

"Mimi sijui mnaishije huku. Tangu nimefika sijalala. Nageuka huku baridi, nageuka huku baridi. Mtu gani anaweza kulala kwenye baridi hii?"

Halafu akakunjuka. Akashuka kwenye benchi.

"Mzee. Hakuna mtu anayeweza kulala kwenye baridi hii."

"Unarudia maneno, Mwalimu."

"Yale mablanketi ya zamani yalikuwa ya nani?"

Nikamweleza habari ya Sista, ya Yusufu, ya mstari wa mbele. Alisikiliza mdomo wazi kama mtu anayesomewa wosia na kukuta jina lake limo. Miaka yote ile nilishona, nikafungua, nikapaka sabuni, wala sikuwahi kufikiri kwamba baridi nayo ina kazi pale ndani. Kijana wa Lindi ndiye aliyeiona, kwa sababu ndiye aliyekuwa anaumia. Akachukua mchezo wake akaufyeka mbele yangu. Mtemi aliyekuwa anakufa sehemu ya tatu akafa mwanzoni kabisa, na kilichobaki ni watu kugombania kiti chake. Nikamwambia sasa hata mimi ningependa kujua nani anakipata.

Siku ya wazazi ilifika na ukungu. Magunia yakapangwa uani, yamefunikwa turubai, na yalikuwa yanaonekana vizuri kutoka mlango wa bwalo. Nadhani Mkuu aliyapanga makusudi. Mahameli nilikuwa nimeishusha na kuikunja. Tatizo likaja hapa. Viti vya mbele siku hiyo ni vya wazazi, si vya watoto, na wazazi wamekuja wamejifunga mablanketi yao wenyewe, wengine wamesafiri nayo juu ya malori tangu alfajiri. Tukiyaacha, watalala. Mwalimu Issa akataka tuwaombe. Mkuu akaja mbio.

"Hapana! Hatuwezi kuwavua wazazi wa watu!"

"Mkuu, tunawaazima," Mwalimu akasema.

"Kwenye baridi hii?"

"Ndiyo maana yenyewe."

Walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini, ile inayosikika na kila mtu. Mbele pale alikaa mama mmoja wa Mlangali, mtu mzima, amejifunga blanketi la kijivu lenye mistari. Gunia lake nililiona uani, kalishona mwenyewe, na vibaya.

"Kamwene, baba," akanisalimia. "Hawa wanagombania nini?"

"Kamwene, mama. Wanagombania blanketi lako."

"La nini?"

"Tushone pazia. Mchezo ukiisha unalipata, sasa hivi tu."

"Mwanangu yumo?"

"Yumo, mama. Anagombania kiti."

"Kwa nani?"

"Kwa wenzake. Mtemi amekufa."

Akatafakari. Akalifungua blanketi, akanitupia. "Shona. Ila akikosa hicho kiti nitakuja kukuuliza wewe."

Wengine wakacheka, wakafuata. Nikashona pale pale mbele yao, sindano inaenda kama siku za Makambako, nao wakinituma. Mama mmoja akasema lake lisikae karibu na la fulani, wamekosana shambani. Mzee mmoja hakuwa na blanketi akavua koti, nikalishona pembeni, mikono inaning'inia.

Kisha wakacheza. Mimi nilikuwa nyuma na kamba, sikuona mchezo, niliona watu kupitia upenyo. Walikuwa wamekaa wima kama mahindi. Wanapuliza viganja, wanasugua magoti, macho hayatoki jukwaani. Yule mtoto wa Mlangali alipokaribia kiti akasukumwa, mama yake akasimama akapiga kelele, "Kaa! Kaa upesi!" Mtoto akajibu humo humo jukwaani, "Mama, bado zamu yangu!" Bwalo likavunjika kwa kicheko. Sauti ya "fupisheni" ilipotoka, ilitoka kwa mzee mwenye koti. Mwalimu Issa, aliyekuwa kando yangu, akachana karatasi mbili, akamnong'oneza mwigizaji aliyekuwa anasubiri zamu ya kuingia, "Kaa kwenye kiti." Akakaa. Nikafunga.

Nani aliyekaa? Mtoto mwingine. Yule mama alikuja kuniuliza, kama alivyoahidi.

Mkuu alisimama mlangoni akatazama wazazi wakidaka mablanketi yao, wanakanyaga miguu chini kupata joto, wanaulizana kama mtemi mpya atafaa. Akatazama magunia. Akatazama jukwaa.

"Sasa mahindi yangu yatakaa wapi?"

"Ghalani, Mkuu," nikamwambia.

"Linavuja."

"Ninayo mahameli. Nzito, haipitishi maji kirahisi. Tena ina pindo la dhahabu."

Ndiyo maana, Kastuli, mahindi ya shule yetu yamefunikwa kitambaa cha kifalme, na wageni wakiuliza waambie ni heshima kwa wakulima. Yule mfanyabiashara alipokuja kutembea aliiona. Akaipapasa, akauliza kama bado tunatumia mablanketi. Nikamwambia ndiyo. Akasema lake liliwahi kukaa katikati. Wote wanasema hivyo.

Na sasa siku yangu ya kuagwa, kwa kuwa ulikuwepo lakini ulikuwa nyuma na kamba, hukuona mbele. Waliponipa zawadi ya blanketi, zito, lina simba, wewe ulininyang'anya hata sijalifungua.

"Mzee, hilo linapanda."

"Ni langu, Kastuli."

"Ndiyo maana linapanda."

Ukaliweka katikati, na mimi nikakalishwa mstari wa mbele kwa mara ya kwanza tangu nije na lori. Nakuambia, sikujua. Miaka yote nilikuwa nyuma ya pazia, na nyuma ya pazia hakuna upepo. Mbele pale baridi inaanzia kwenye vidole inapanda kama inatafuta mtu.

Mkuu akapanda mbele ya pazia na karatasi zake. Akaanza na kuzaliwa kwangu. Akaeleza kijiji, akaeleza wazazi wangu, akaeleza umuhimu wa kazi za mikono katika taifa. Hotuba ilipofika Makambako, humo ndani nilikuwa hata sijashika sindano. Watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wanatazama miguu yao. Mchezo wanajua kuufupisha, lakini hakuna mtoto anayemfupisha Mkuu wa shule. Binti aliyekaa kando yangu magoti yalikuwa yanagongana, nayasikia.

"Babu," akaninong'oneza, "anayesemwa ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umefanya mengi hivyo?"

"Hapana."

Mkuu akageuza karatasi. Nikaona chini yake kuna nyingine, na nyingine. Simba wangu yuko juu pale ametundikwa hana faida kwangu. Nikasimama.

"Mkuu," nikasema, "fupisha."

Vichwa vyote vikanigeukia kama siku ile ya Yusufu. Mkuu akanitazama, akatazama mstari wa mbele mmoja mmoja, akakunja karatasi zake akazitia mfukoni.

"Kwa hayo machache," akasema, akashuka.

Pazia likafunguka. Ulifungua vizuri, Kastuli. Upande wa kushoto tu ulisita kidogo. Paka sabuni.